Sikio linasumbua, uende kwa nani hasa? Daktari wa ENT, audiolojisti, muuza mashine na wengine

Huku kwetu mtu akianza kutosikia vizuri ushauri anaopewa na kila mtu ni mmoja tu, nenda kwa daktari wa masikio. Sawa, ila ukifika hospitali kubwa unakuta mlango mmoja umeandikwa ENT (masikio, pua na koo), mwingine audiolojia (upimaji wa usikivu), mwingine tiba ya mazungumzo, alafu nje barabarani kuna duka la mashine za kusikia na wa humo nao wamevaa koti jeupe, na mtoto akishaanza shule unaambiwa kuna mwalimu wa viziwi. Wote wanashughulika na kusikia lakini kila mmoja ana kazi yake, na watu wanapoteza miezi, wengine miaka, na hela nyingi sana, kwasababu walianzia mlango ambao sio wao, au walipita mlango mmoja wakadhani shughuli imeisha hapo. Hili jambo linaniuma hasa ikiwa ni mtoto, maana kwa mtoto muda ukipita haurudi.

Kabla ya kutaja nani anafanya nini hebu tuelewe kwanza sauti inapita wapi, kwasababu hapo ndipo utajua kwanini wataalamu wako wengi. Sauti inaingia kwenye tundu la sikio, inagonga ngoma, ngoma inatikisa vimifupa 3 vidogo sana, vimifupa vinasukuma maji yaliyo ndani ya koklea, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio, na humo ndani ya koklea kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo vinageuza ule mtikisiko kuwa umeme unaopanda na mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Sasa tatizo likiwa kabla ya koklea, yaani nta imeziba, usaha, ngoma imetoboka, vimifupa vimeshikana, mara nyingi linatibika kwa dawa au upasuaji. Likiwa kwenye koklea yenyewe au kwenye mshipa, mambo ni tofauti kabisa, vile vinywele vikishakufa kwa binadamu haviotei tena na mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuvirudisha, usidanganywe na matone ya mtandaoni. Hapo kinachosaidia ni kipimo kizuri na mashine ya kusikia au kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya koklea kwa upasuaji. Na kama tatizo limempata mtoto kabla hajajifunza kuongea basi kuna kazi nyingine kubwa ya lugha ambayo si ya dawa wala ya mashine peke yake.

Kwahiyo swali sio tu "daktari wa masikio yuko wapi", swali ni tatizo limekaa wapi, na nani ana uwezo wa kujua.

Wa kwanza kukuona kwa watu wengi ni wa zahanati au kituo cha afya, afisa tabibu au nesi, Kenya wanaitwa klinikal ofisa. Watu wanawadharau lakini hawa wana kazi kubwa, wakiwa na kile kitochi cha kuchungulia sikio, otoskopu, wanaweza kuona nta, mdudu, punje ya maharage aliyoisukuma mtoto, au ngoma iliyotoboka. Nta wanaweza kuilainisha na kuitoa, sikio linalotoa usaha wanaweza kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi au pamba na kukupa dawa ya matone. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 walitoa mwongozo wa mafunzo kwa ajili ya wahudumu wa ngazi hii hii, maana magonjwa mengi ya sikio yanaweza kumalizwa hapa bila mtu kupanda basi kwenda mjini. Ila mipaka yao ni hii, usaha ukizidi wiki 2 na matibabu hayasaidii, ukianza kunuka vibaya, kukiwa na uvimbe nyuma ya sikio, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja, usiendelee kubadilishiwa matone hapo, omba rufaa. Na nyumbani tafadhali msimimine mafuta ya moto wala kitunguu kwenye sikio linalotoa usaha, kama ngoma ina tundu hivyo vitu vinaingia moja kwa moja ndani.

Rufaa inakupeleka kwa ENT, yaani daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Huyu ni daktari kamili aliyesoma udaktari kwanza alafu akarudi darasani kubobea, Tanzania wanasomeshwa pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili jijini Dar, Kenya wapo Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi yake ni ugonjwa. Anatibu maambukizi sugu, anaziba ngoma iliyotoboka, anaweka vile vibomba vidogo kwa mtoto ambaye nyuma ya ngoma kumejaa majimaji, anasafisha mfupa wa nyuma ya sikio ukishaliwa na ugonjwa. Anaandika dawa, anaagiza picha za ndani za CT au MRI. Kenya kuna ngazi ya katikati ambayo naipenda sana, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanawafundisha klinikal ofisa kubobea kwenye ENT na audiolojia, na hao ndio unaowakuta kwenye hospitali za kaunti ambako daktari bingwa hayupo au anakuja kwa zamu.

Kuna hali moja ya ENT ambayo ni dharura na wengi hawajui kabisa. Mtu analala mzima anaamka sikio moja limekufa, au ndani ya siku 3 linazima, mara nyingi na mlio na kuhisi limeziba. Anasema ni nta, anasema ni mafua, anasubiri mwezi. Inaweza kweli kuwa nta, lakini inaweza kuwa koklea au mshipa umepata shida ghafla, na hapo dawa za steroidi zina nafasi ya kusaidia zikianza mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo hivi, kadri unavyochelewa nafasi inapungua. Usikivu ukizima ghafla nenda siku hiyohiyo au kesho yake, na uwaambie wazi kwamba ilikuwa ghafla, hilo neno ndilo litakalokusogeza mbele kwenye foleni.

Sasa tuje kwa audiolojisti, ambaye ndiye watu hawamjui kabisa na ndiye mimi naona ni kiungo cha wote. Sio daktari wa upasuaji na kwa kawaida haandiki dawa. Yeye kazi yake ni kupima usikivu, kujua umepungua kiasi gani na tatizo limekaa wapi, alafu kukuwekea mashine na kukufuatilia. Ni fani changa kidogo, ilichanua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia pale Marekani wanajeshi waliporudi masikio yameharibiwa na mizinga, na mtu mmoja anaitwa Raymond Carhart, aliyekuwa akiwahudumia hao wanajeshi, anatajwa mpaka leo kama baba wa hiyo fani.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Unaingizwa kwenye chumba kidogo kilichofungwa kisichopitisha kelele, unavalishwa hedifoni, unapewa kitufe, unaambiwa kila ukisikia mlio hata ukiwa mdogo sana bonyeza. Milio inaanza inayosikika alafu inafifia, inafifia, mpaka unabaki hujui kama umesikia au umewaza, na hapo ndipo panapotafutwa. Wakimaliza masikio yote mawili wanakutoa hedifoni na kukuwekea kidude kingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, hiki kinatikisa mfupa na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye koklea bila kupita tunduni wala kwenye ngoma. Usikubali waruke hii hatua. Kama kwa hedifoni unasikia vibaya lakini kwa mfupa unasikia vizuri, maana yake koklea ni nzima na kizuizi kiko njiani, rudi kwa ENT huenda ukatibiwa ukapona. Kama kote ni vibaya sawasawa, tatizo liko ndani na unaendelea na audiolojisti. Ukiona mtu anakupima kwa hedifoni tu na papo hapo anakutajia bei ya mashine, ujue hajui, au hajali, kama ulichonacho ni ugonjwa unaotibika.

Majibu yanakuja kwenye karatasi ya grafu inaitwa audiogramu, na ukijifunza kuisoma kidogo tu utakuwa na nguvu sana mbele ya mtaalamu yeyote. Duara nyekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti nene mpaka nyembamba, kawaida hezi 250 mpaka 8000. Kutoka juu kwenda chini ni ukubwa wa sauti kwa desibeli, alama ikiwa chini zaidi ndivyo usikivu ulivyopungua. Kama unaanza kusikia kwenye sauti isiyofika desibeli 20 WHO wanahesabu ni kawaida, na ikizidi 35 kwenye sikio lililo bora wanahesabu huyo mtu anahitaji huduma. Wazee wengi mstari wao uko vizuri upande wa sauti nene alafu unaporomoka upande wa sauti nyembamba, na ndio maana babu anakwambia nasikia mnaongea ila sielewi mnachosema. Herufi kama s, sh, f na t zinakaa huko kwenye sauti nyembamba, kwahiyo saba na shaba kwake zinafanana, na ukimpigia kelele unaongeza zile nene ambazo tayari anazisikia, s inabaki palepale haipo. Hana kiburi na hajapoteza akili, karatasi inaonyesha.

Mtoto mchanga hawezi kubonyeza kitufe lakini anapimika, na hili nataka kila mzazi alijue kwasababu bado kuna watu wanaambiwa "msubirie akue kwanza". Kuna kipimo cha OAE, kinawekwa kijiplagi laini sikioni, kinatoa sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye koklea, dakika chache tu. Kuna kingine kinaitwa ABR, mtoto analala, anabandikwa vijiwaya kichwani, wanasoma kama mshipa na shina la ubongo vinajibu sauti. Mtoto wa miaka 3 anapimwa kwa mchezo, akisikia mlio anatupia kipande kwenye kikapu. Lengo linalofuatwa kimataifa ni mtoto achunguzwe kabla ya mwezi 1, tatizo lijulikane kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Huku kwetu watoto wengi wanagundulika wakishapita umri huo mbali sana, tena wakati mwingine ni bibi aliyegundua kwamba mtoto hageuki akiitwa, na akasema, na watu wakamwambia ana wasiwasi. Mtoto aliyeumwa homa ya uti wa mgongo, aliyepata manjano kali, aliyezaliwa njiti, au mama aliyepata rubela akiwa mjamzito, msisubiri dalili, apimwe.

Pamoja na audiolojisti kuna fundi ambaye jina lake halitajwi sana, anayetengeneza moldi, ile sehemu laini inayokaa sikioni ikashika mashine. Kwanza anachungulia sikio, anaweka kipande cha sponji chenye uzi ndani ya tundu ili kisipite kitu, anaminya silikoni kwa bomba la sindano mpaka sikio lijae, mnasubiri dakika chache ikauke, anavuta inatoka na umbo la sikio lako kamili. Moldi isipokaa vizuri mashine inapiga filimbi, na mtoto sikio linakua kwahiyo baada ya miezi kadhaa moldi inabidi ibadilishwe, na wazazi wengi hawaambiwi hili, mashine inaanza kupiga mluzi wanadhani imeharibika, inaishia kabatini. Betri pia waulizwe. Zile ndogo za duara zina rangi, bluu ni 675, chungwa ni 13, kahawia 312, njano 10, na ukishabandua kile kistika hewa inaingia betri imeanza kuisha hata usipoitumia, kukirudishia hakusaidii. Unabandua, unaacha dakika moja ipate hewa, ndio unaweka. Kabla hujapokea mashine hakikisha betri zake zinapatikana mji unaoishi, na bei yake unaimudu kila mwezi.

Muuza mashine sasa. Sisemi ni watu wabaya, wengine ni wataalamu kweli waliofungua kliniki zao na wanafanya kazi nzuri, lakini duka na kliniki sio kitu kimoja. Mashine ya kusikia inasetiwa kwa kompyuta kufuata audiogramu ya mtu huyo, inaongeza pale palipopungua na kuacha pale pazima, na inawekewa kikomo sauti isije ikaumiza. Kile kidude cha bei rahisi cha kukuza sauti kinachouzwa mtandaoni kinaongeza kila kitu, sahani, honda, feni, na sauti ya mtu inazama humo humo, ndio maana mzee anavaa siku chache anavua anasema mashine hazifai. Kilichofeli ni kuvalishwa kitu ambacho hakikupimwa kwake. Marekani kuanzia Oktoba 2022 wameruhusu mashine ziuzwe dukani bila kupita kwa mtaalamu, ila ni kwa watu wazima wa miaka 18 na kuendelea ambao upungufu wao ni mdogo au wa kati tu, mtoto hayumo kabisa. Kwahiyo ndugu wa huko wanaowatumia wazazi vifaa kwenye sanduku, angalieni kwanza mzazi amepimwa na kipimo kinasemaje. Na mlioko Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, wanatoa mashine bure, na hata wa dukani wanaoitwa hearing aid dispenser wanatakiwa wawe wamesajiliwa HCPC, chombo kinachosimamia wataalamu wa afya, unaweza kuangalia jina la mtu kabla hujalipa.

Mtu akishasikia, bado haijaisha, hasa mtoto. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo anamfundisha mtoto kutambua sauti, kuitofautisha, na kuitoa, na anamfundisha mzazi zaidi kuliko mtoto maana mzazi ndiye yuko nae siku nzima. Mwalimu wa viziwi anashughulika na elimu, Tanzania wanaandaliwa chuo cha Patandi kule Arusha, Kenya wapo KISE, chuo cha elimu maalumu kilichopo Nairobi, ambako pia wanapima watoto, na kule Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu vinavyoitwa EARC vilivyoanza mwaka 1984 ambavyo mzazi anaweza kumpeleka mtoto kufanyiwa tathmini kabla ya kuanza shule. Alafu kuna viziwi wenyewe na wakalimani wa lugha ya alama. Nasema hili kwa moyo wote, kumfundisha mtoto lugha ya alama sio kukata tamaa wala hakumzuii kuongea, mtoto anahitaji lugha yoyote mapema ili akili ikue, akisubirishwa miaka 4 mashine "ifanye kazi" bila lugha yoyote ndipo anapoumia. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya kama moja ya lugha rasmi za Bunge, na Tanzania ukitaka kujua darasa na wakalimani wako wapi waulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wao wanaishi hilo jambo kila siku.

Ukitaka kuona hawa wote wakifanya kazi pamoja angalia kipandikizi cha koklea. Hospitali ya Taifa Muhimbili walianza kuvipandikiza mwaka 2017, kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wanapelekwa nje, India hasa. ENT anapasua na kuweka waya mwembamba ndani ya koklea, lakini siku ya upasuaji mtoto hasikii kitu bado. Wiki kadhaa baadae kidonda kikipona audiolojisti ndiye anawasha na kuanza kuseti kila sehemu ya ule waya, anaseti tena na tena miezi inayofuata, na mtaalamu wa mazungumzo anaanza safari ya miaka. Familia inayochangisha hela ya upasuaji tu bila kupanga nauli za kurudi kliniki, betri na vipuri, imechangisha nusu. Na aliyeugua uti wa mgongo akapoteza usikivu awahi, koklea inaweza kuanza kujaa mfupa na waya ukakosa pa kupita.

Kwanini basi huku kwetu kazi hizi zinachanganywa? Wataalamu hawapo. Ripoti ya WHO ya 2021 inasema kwenye nchi za kipato cha chini, na hapo wamo majirani zetu Uganda, Rwanda, Burundi na Congo, asilimia 78 ya hizo nchi zina daktari wa ENT chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja, na kwa audiolojisti ni asilimia 93 ya nchi. Kwahiyo nesi anapima, daktari anaseti mashine, mwalimu anachonga moldi. Mimi sioni tatizo mtu akifanya kazi ya mwenzake kama amefundishwa, na mwongozo wa WHO wa 2024 kuhusu mashine za kusikia unakubali hivyo, kwamba wahudumu wa kawaida wakifunzwa wanaweza kuwahudumia watu wazima wengi. Tatizo ni asiyefundishwa na asiyesema. Muulize bila aibu, wewe umesomea nini, unapima na mfupa pia, mashine ikisumbua narudi kwa nani, na kama kuna ugonjwa unanipeleka wapi. Aliyesoma hakasiriki.

Ukienda kwa yeyote kati yao beba orodha ya dawa ulizotumia. Gentamicin na streptomycin, kwinini kwa dozi kubwa, na cisplatin ya kansa zinaweza kugusa koklea, na wagonjwa wa kifua kikuu sugu wengi walipoteza usikivu kwa sindano za kanamycin kabla WHO hawajaacha kuipendekeza. Usiache dawa mwenyewe, waambie wakupime ukiwa unaitumia. Na kila audiogramu unayopimwa omba nakala yako, ipige picha na simu, weka tarehe, kwasababu mtaalamu mpya akiwa na ya mwaka juzi na ya leo ataona mwenyewe kilichobadilika, na akikuta sikio moja limeshuka sana kuliko mwenzake anakurudisha kwa ENT akaangalie mshipa kwa MRI kabla ya kuongelea mashine yoyote.